Bwana Msa Hakuhitaji Ukungu

Huku Takaba, mtu akishuka basi la Nairobi huulizwa kabla hajajipangusa vumbi, "Kenya iko aje?" Anayeuliza hafanyi mzaha. Kenya, kwa mazungumzo ya Mandera Magharibi, iko kule chini, ng'ambo ya daraja la Garissa, na huku ni huku. Kwa hiyo nikitaja hadithi za upelelezi za miji ya kigeni, msomaji asidhani nasema Paris na Venice tu. Kwa mtoto aliyelelewa na vumbi hili Nairobi ni ugenini, Dar es Salaam ni ugenini zaidi, na Unguja Mjini ni mahali pa ajabu ambapo maji yamezunguka nchi na hakuna anayeweza kuyanywa.

Ubishi ulianza hivi. Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu na ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko changu, alinikuta nikimwazima mwanafunzi wa kidato cha tatu kitabu kimoja cha jasusi Willy Gamba kilichokwisha poteza jalada. "Maalim," akaniambia, "huyu mtoto ana mtihani mwakani nawe unampa mambo ya bastola na mabinti?" Nikamjibu kidogo. Jioni tukakaa mkekani na birika la shaah, akaendelea. Kesho yake tena. Kufikia Ijumaa alikuwa amenipa madai ya kutosha, na kwa kuwa nimeyasikia hayo hayo kwa watu wengine pia, baadhi yao wenye shahada, nimeona niyajibu kwa kalamu. Sitayapa uzito sawa, maana hayana uzito sawa.

Kwanza alisema kwamba upelelezi wa vitabuni ni mali ya Wazungu. Tumeazima koti la mtu, akasema, na linatupwaya mabegani. Ushahidi wake ulikuwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Unguja. Na ukimtazama Bwana Msa juujuu, Sherlock Holmes unamwona pale pale: kiko mdomoni, rafiki mwaminifu asiyeisha kushangaa (kule Watson, huku Najum), na mtu wa polisi, Inspekta Seif, ambaye serikali imempa cheo lakini haikumpa macho ya Bwana Msa. Aliyemuumba, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mhariri wa magazeti aliyesoma mengi, na sina haja ya kumtetea kwa kukana alichosoma. Aliazima.

Lakini Wazungu wenyewe waliipata wapi aina hii ya hadithi? Wanaozifuatilia hadithi hizi huanzia mwaka 1841, pale Edgar Allan Poe alipochapisha kisa cha mauaji ya Rue Morgue. Poe alikuwa Mmarekani. Mji aliouchagua ulikuwa Paris, na Paris hakuwahi kukanyaga. Yaani hadithi ya kwanza ya aina hii ilizaliwa ugenini, imeandikwa na mtu aliyeujua mji kwa kusoma tu. Rudi nyuma zaidi, karne ya 18, umkute Voltaire na Zadig wake, mtu wa Babeli anayeeleza sura ya mbwa na farasi ambao hajawaona, kwa kuangalia alama walizoacha njiani. Voltaire naye hakuizua habari hiyo. Aliipata katika hadithi za Mashariki, na katika hadithi hizo aliyepotea hakuwa mbwa wala farasi. Alikuwa ngamia.

Hapo ndipo nilipomshika mwenzangu, maana kisa hicho anakijua tangu madrasa. Al-Tabari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 923, anasimulia habari za wana wanne wa Nizar: Mudhar, Rabia, Iyad na Anmar. Baba amekufa, nao wako safarini kwenda Najran kwa al-Af'a al-Jurhumi awaamulie urithi. Njiani Mudhar anaona majani yaliyoliwa, anasema ngamia aliyelisha hapa ni chongo. Rabia anasema tena amepinda upande. Iyad anasema hana mkia. Anmar anasema ametoroka. Kidogo wanakutana na mtu amepoteza ngamia, wanamweleza sifa zote nne, naye anawakamata: wezi ni nyinyi! Wanaapa hawajamwona mnyama wake. Kwa mwamuzi wanaeleza. Chongo, kwa sababu alikula upande mmoja wa njia na kuuacha mwingine. Amepinda, kwa sababu unyayo mmoja wa mbele ulikuwa umezama na mwenzake umegusa tu. Hana mkia, kwa sababu kinyesi kilikuwa kimerundikana pamoja. Mwenye mkia angekitawanya. Ametoroka, kwa sababu alifika penye malisho mazuri akayapita, akaenda kula penye malisho mabaya, kama afanyavyo mnyama mwenye hofu.

Huo ni upelelezi mtupu. Hauna bastola wala binti. Nao ulikuwa umeandikwa miaka zaidi ya 900 kabla ya Poe kushika kalamu, katika nchi ya jua kali na miiba, si mjini. Msimulie kisa hiki mzee yeyote wa hapa aliyewahi kufuata ngamia aliyepotelea upande wa mpaka wa Ethiopia. Hatashangaa. Atawakosoa wale ndugu wanne: mbona hawakusema alipita saa ngapi, na ukingo wa unyayo uliolala usiku mzima hauwi kama wa unyayo wa leo? Basi ikiwa kuna koti lililoazimwa, ni sisi wa jangwani tuliolishona, likaenda Ulaya likatiwa kola, na sasa tunaambiwa si saizi yetu.

Dai la ukungu nitalimaliza upesi. Mwenzangu anaamini kwamba mauaji ya kitabuni yanataka mji wa mvua na giza la saa tisa alasiri, na kwamba chini ya jua letu siri haikai. Huo ukungu wa London unaosifiwa ulikuwa kwa kiasi kikubwa moshi wa makaa ya mawe. Desemba 1952 uliufunika mji siku tano ukaua watu kwa maelfu, na hakuna inspekta aliyekamata mtu. Ni bahati mbaya ya London tu. Si sharti la fasihi.

Tazama Abdulla alivyofanya bila ukungu. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaanza kunong'ona kwamba mizimu imekasirika, na mnong'ono huo unafanya kazi ambayo ukungu hufanya London: unamficha muuaji mchana kweupe. Kitabu ni *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kilichofuata kiliitwa *Kisima cha Giningi*, na Giningi katika masimulizi ya Visiwani ndiko kwao wachawi. Mwandishi alijua kwamba giza la Unguja haliko angani. Liko katika jambo ambalo kila mtu barazani analijua na hakuna atakayelisema wa kwanza. Faraji Katalambulla naye, katika *Simu ya Kifo* ya mwaka 1965, alilipata giza lake Dar es Salaam kwenye waya wa simu: sauti inakuja, uso hauji. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza, kwa tochi, sikuwa nimewahi kuishika simu ya waya. Hakuna ukungu ambao ungenitisha kuliko kile kidude kinacholia chenyewe mezani.

Na jua? Mwingereza Arthur Upfield alihamia Australia, akamwandika Inspekta Napoleon Bonaparte, mtoto wa mama Mwaborijini na baba Mzungu, anayesoma nyayo katika nchi kame kama hii. Tony Hillerman alifanya vivyo hivyo kule Marekani na polisi Wanavajo, kuanzia mwaka 1970, kwenye mawe mekundu na mbuga zisizo na mti. Vitabu vyote hivyo vina joto, vina kiu, vina safari ndefu kwenda kumuuliza mtu mmoja swali moja ukakuta amehamisha mifugo jana. Nikisoma Hillerman naona barabara ya El Wak.

Lile la kwamba mgeni hawezi kuandika mji wa watu lina nguvu zaidi, nami nitamwachia mwenzangu nusu yake. Hoja yake ni kwamba mgeni huuona mji kama duka la vinyago: anachukua kinachong'aa, analipa, anaondoka. Ana haki ya kushuku. Mwaka 1959 M. M. Kaye, Mwingereza mke wa mwanajeshi, alichapisha riwaya ya mauaji ya Zanzibar. Leo inajulikana kwa jina la *Death in Zanzibar*, lakini ilitoka kwanza kwa jina lenye maana ya nyumba ya kivuli, na nyumba yenyewe kitabuni inaitwa Kivulimi. Wageni wanatoka London kwa ndege, wanafikia Kivulimi, wanaanza kufa. Ni kitabu chenye ufundi, na bahari yake unaweza kuinusa. Ila wenye kisiwa wako pembeni mno. Hatia ni ya wageni, siri ni ya wageni, hata hofu ni ya wageni. Kisiwa kimeajiriwa kusimama nyuma kama pazia.

Sasa linganisha tarehe. Muswada wa *Mzimu wa Watu wa Kale* ulishinda tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikawa kitabu mwaka 1960. Kisiwa ni kile kile, miaka ni ile ile, na maiti zipo pande zote mbili. Mmoja anaingia kwa mlango wa uwanja wa ndege, mwingine kwa mlango wa jikoni. Laiti shule zetu zingesomesha vitabu hivyo viwili darasa moja, kila kimoja kando ya mwenzake, wanafunzi wangejifunza juu ya mtazamo kuliko tunavyowafundisha kwa ile istilahi ya "nafsi ya kwanza, nafsi ya tatu".

Hiyo ndiyo nusu ninayomwachia. Nusu nyingine siitoi, kwa sababu orodha ya wageni waliofaulu ni ndefu. Georges Simenon, aliyempa Paris Kamishna Maigret, alizaliwa Liège, Ubelgiji. H. R. F. Keating alianza kumwandika Inspekta Ghote wa Bombay mwaka 1964 na akakaa karibu miaka kumi bila kuiona India. Donna Leon, Mmarekani, amemtembeza Kamishna Brunetti katika Venice tangu 1992, na hakubali vitabu vyake vitafsiriwe kwa Kiitaliano. Hili la Leon limenishughulisha. Nadhani, bila kumsemea, kwamba mgeni anayeandika mji wa watu anajua kuna msomaji mmoja tu wa kumwogopa: jirani yake wa ghorofa ya chini.

Tena, mgeni si Mzungu peke yake. Mwenzangu husahau hili. Elvis Musiba, Mtanzania, alimtuma Willy Gamba Nairobi katika *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, akifuata nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Katika *Kikosi cha Kisasi* akampeleka Kinshasa. Nairobi ya Musiba ni mji wa kigeni ulioandikwa kwa Kiswahili: hoteli kubwa, magari ya kasi, pesa zinazotoka kusikojulikana, na Mtanzania mmoja wa enzi za Ujamaa anayetazama haya yote kwa tamaa na mashaka kwa pamoja. Nakubali Willy Gamba hupigana mno na kufikiri kidogo, na wanawake wa vitabu hivyo wamechongwa kwa shoka. Lakini niliposhuka Eastleigh mara ya kwanza, Islii kama tunavyoiita, mtu wa pekee aliyekuwa amenitayarisha kuuona mji ule kwa macho mawili hayo ya tamaa na mashaka alikuwa Musiba. Hakuna kitabu cha Jiografia kilichonisaidia hata barabara moja.

Na njia hii haina upande mmoja. Mukoma wa Ngugi, aliyezaliwa Marekani akakulia Limuru, aliandika *Nairobi Heat* mwaka 2009: askari mpelelezi Mmarekani mweusi anatoka Madison, Wisconsin, kuja Nairobi kufuata kesi, na anagundua kwamba ngozi yake haikumpa uenyeji. Anaitwa mzungu. Kijana wa Takaba anayeulizwa kitambulisho Nairobi mara tatu kwa siku moja, katika nchi yake mwenyewe, ataelewa ukurasa huo bila mwalimu.

Kuhusu kama hii ni fasihi au si fasihi sina muda. Wahakiki wametugawia vyumba viwili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na wanaoishi chumba cha pendwa wanatakiwa waone haya. Kupendwa si ugonjwa. Ukitaka kujua kama Ben Mtobwa alijua kuandika, fungua kitabu chake chochote cha mpelelezi Joram Kiango saa nne usiku uone utakifunga saa ngapi.

Dai la nne lilinikuta bila silaha. Vitabu hivi, alisema, vinafundisha uhalifu. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka Upfield. Mwaka 1929, Australia Magharibi, Upfield alikuwa akitafuta njia ya kumfanya muuaji wa kitabuni aipoteze maiti kabisa, asibakize hata mfupa. Rafiki mmoja akampa mbinu ya moto, chekecheke na asidi, na jambo likawa mazungumzo ya kila usiku kambini. Miongoni mwa waliosikia alikuwamo mfanyakazi aliyejiita Snowy Rowles. Muda si mrefu watu watatu wakatoweka katika nchi ile. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1931, na kesi ilipofikishwa mahakamani mwaka 1932 mwandishi aliitwa kutoa ushahidi.

Mwenzangu aliposikia hivyo alipiga paja. "Si nilikwambia?" Ndiyo, aliniambia. Lakini kisa kina mambo mawili zaidi. Rowles hakujifunza kwa kusoma kitabu, maana kitabu kilikuwa hakijatoka. Alijifunza kwa kusikiliza watu kando ya moto. Kama ni kupiga marufuku, tuanze na moto wa jioni. La pili ni pete. Katika majivu ilipatikana pete ya ndoa ya mmoja wa waliopotea, na sonara aliyewahi kuirekebisha aliitambua kwa sababu dhahabu aliyoungia haikulingana na dhahabu yenyewe. Rowles alinyongwa mwaka ule ule. Alikuwa amesikia hadithi nzima ya jinsi ya kupoteza maiti, akakosa subira ya kuifuata hadi mwisho. Sisemi hii inalifuta dai. Inalipunguza.

Dai la tano ndilo lililoninyima usingizi. Hakulitoa kwa ubishi. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Hadithi hizi zinataka msomaji amwamini askari. Wewe ulizaliwa huku. Unamwamini?"

Kwa asiyejua, swali hili lina historia. Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya vita vya Shifta hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni kuchujwa, wakapewa kadi za pekee kuthibitisha uraia wao. Na kabla ya hapo, Februari 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema wamekufa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliona waliokufa wanakaribia elfu moja. Manusura wengine wanataja idadi kubwa zaidi. Basi mtu wa huku afungue riwaya aone afande ndiye shujaa, na moyo usigome?

Kwa Willy Gamba sina jibu. Ni mtu wa serikali tangu nywele hadi kiatu. Lakini angalia tulivyowapokea wengine. Bwana Msa si askari. Joram Kiango si askari, na askari wanamwonea kijicho. Katika hadithi za namna hii afisa hufika mapema, hutazama maiti, hutoa jibu la haraka linalowapendeza wakubwa, na kazi ya msomaji katika kurasa zote zinazobaki ni kutoliamini jibu hilo. Ni nani aliyefundishwa somo hilo vizuri kuliko sisi? Msomaji wa Wajir au wa Takaba amekwisha ijua sura ya kwanza. Anajua ripoti ya mwanzo inavyoandikwa na nani anaiandika.

Sitaki kuifanya Wagalla hadithi. Ninachosema ni kwamba idadi ya 57 isingeporomoka kama pasingekuwa na watu waliofanya upelelezi bila cheo. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu pale Wajir, alitoka na wenzake kuokoa majeruhi na kuzika maiti waliotupwa porini, akasaidia habari kufika nje ya nchi, na baadaye akafukuzwa Kenya. Salah Abdi Sheikh alikusanya simulizi za manusura akatoa kitabu mwaka 2007. Na walikuwapo wajane, miaka yote hiyo, wanaokumbuka nani alichukuliwa, saa ngapi, na amevaa nini. Kukumbuka vazi la mtu alilochukuliwa nalo ni kazi ya kipelelezi, hata kama anayeifanya hajui kusoma. Swali la "nani aliyeua" limekuwa likiulizwa huku muda mrefu kuliko riwaya yoyote. Kilichokosekana ni sura ya mwisho, ile ambayo watu huitwa sebuleni na mtu mmoja akanyooshewa kidole.

Nilipomwambia hivyo hakujibu. Alizungumza juu ya maji, kwamba lori la kuleta maji halijafika siku ya tatu.

Siku iliyofuata alikuja na dai la mwisho, na nadhani alikuwa amelihifadhi makusudi. "Sawa," akasema. "Basi niandikie ya Takaba. Huwezi." Akanihesabia kwa vidole. Mji mdogo. Kila mtu anajulikana, na baba yake, na babu yake hadi wa kumi. Mgeni akija habari zake zimefika kabla dereva hajazima injini. Mtu akiuawa asubuhi, adhuhuri wazee wanajua nani kafanya, na magharibi wameanza kutaja mag, fidia ya damu: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Ukoo unalipa, ukoo unapokea. Fumbo liko wapi? Bwana Msa angefika hapa na kiko chake akakuta kesi imekwisha na watu wanakula nyama.

Ni hoja nzuri, nami nilikaa nayo siku mbili. Kosa lake ni kudhani kwamba kila mahali fumbo ni lile lile. Katika vitabu vya London jina la muuaji ndilo mwisho; likitajwa, unafunga kitabu. Huku jina la muuaji ni mwanzo tu, kwa kuwa si yeye peke yake atakayelipa. Watu wengi ambao hawakuwapo watatoa mnyama mmoja mmoja, na kila mmoja wao ana sababu ya kutaka ukweli uwe tofauti kidogo: ilikuwa ajali, marehemu ndiye aliyeanza, aliyepiga si wa jilib yetu (tawi la ukoo linalolipa pamoja), ni wa jilib ile nyingine. Mpelelezi wa Takaba hatafuti mwongo mmoja kati ya wakweli. Ana kijiji kizima ambacho kila mtu ana ngamia mmoja wa kuokoa.

Tena kuna fumbo ambalo London hailijui. Fikiria maiti inayokutwa alfajiri kando ya silanga, bwawa la maji, ya mtu ambaye hakuna anayemtambua. Hana karatasi. Haijulikani ni wa ukoo gani. Hapo mashine yote inasimama, kwa sababu asiye na ukoo hana wa kumdai. Muuaji anaweza kutembea sokoni mchana, akajulikana, akasalimiwa, na hakuna atakayefungua mdomo, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuuliza. Kwa hiyo swali la kwanza si nani aliyeua. Ni nani aliyekufa.

Mpelelezi nimeshampata: mama wa hoteli ya makuti karibu na stendi, ambaye watoto humwita eedo, yaani shangazi, na ambaye hasahau namna mtu anavyotoa salamu. Anasema marehemu alikunywa chai kwake usiku ule, akala canjeero mbili, hakumaliza ya pili. Alilipa kwa noti ya birr. Lakini alipopokea kikombe alishukuru kwa Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili cha Lamu.

Mwenzangu alimimina chai iliyobaki, akakoroga ingawa hakuwa ametia sukari.

"Viatu," akasema. "Vilikuwa makubadhi ama raba?"